Stendi ya monita: naomba msaada wa kuchagua, iwe nzuri na isinepe

#1 HesabuZaUsiku
Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo yenu kabla sijatupa hela mara ya pili.

Kazi yangu ni kuandaa vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wadogo, kwa hiyo kutwa nzima na nusu ya usiku niko mbele ya monita. Ni ya inchi 24, mguu wake haupandi wala haushuki. Meza ni ya chipubodi, kimo sentimita 75, imeegemea ukuta. Mwaka jana niliagiza stendi mtandaoni. Kwenye picha ilipendeza kweli: rangi ya mti, urefu sentimita 80, chini yake nafasi ya kusukumia kibodi. Ilipofika nikakuta ni chipubodi ya milimita 12 iliyobandikwa karatasi yenye picha ya mbao. Ndani ya miezi minne imenepa katikati kama kitanda cha kamba. Nikiandika, monita inacheza. Halafu mtoto akamwaga chai pembeni, ikavimba, ile karatasi ikaanza kubanduka.

Sasa nataka nyingine. Iwe imara, na iwe na sura, maana meza yangu iko sebuleni na wageni wanaiona kabla hawajaniona mimi. Shingo nayo inaniuma upande wa nyuma. Nimeipandisha monita juu ya vitabu vya kodi, haikusaidia, naona kama maumivu yamezidi. Nadhani bado iko chini mno.

Mnanishauri nini? Mbao, chuma, kioo, au ile mikono inayobanwa kwenye meza?

#2 Kambi_Tayari
Nimeweka kambi hapa. Yangu imekaa juu ya ndoo ya rangi ya lita 4 na haijawahi kunepa.

#3 RandaNaMsasa
Mkuu, nina miaka mingi kwenye useremala hapa Keko, Dar, hizo stendi za karatasi naletewa kila mwezi, mtu ananiambia "fundi nitengenezee kama hii lakini iliyo imara". Tatizo lako lilianza na vipimo hata kabla ya kufika kwenye aina ya ubao. Milimita 12 kwa sentimita 80 bila mguu wa katikati, hapo hata ungeweka mninga ungecheza kidogo.

Shika hili: ukiongeza unene mara mbili, ubao unakuwa mkakamavu mara 8, si mara 2. Na ukirefusha nafasi kati ya miguu mara mbili, unanepa mara 8 zaidi kwa mzigo uleule. Kwa hiyo vitu viwili vinakuokoa: ubao mnene na miguu iliyosogeleana. Huhitaji sentimita 80. Monita ya inchi 24 yote ina upana wa sentimita 53 na kidogo. Weka ubao wa sentimita 60, unene inchi moja kamili baada ya kupigwa randa, umemaliza.

Aina ya mbao: mninga ndio chaguo langu. Ukishakauka hauhangaiki, hausinyai wala haujipindi ovyo, na rangi yake ya kahawia inayoelekea wekundu haihitaji kupakwa rangi. Mkongo ni mzito na mgumu, utaua msumeno wa fundi lakini wajukuu wako wataikuta. Mtiki wa Longuza kule Muheza au wa Mtibwa ni mzuri pia, ila una mafuta yake ya asili. Fundi asipoupangusa kwa tina kabla ya gundi, maungio yataachia. Mpaini wa Sao Hill ni wa bei nafuu na mwepesi. Usiudharau, ila utabonyea ukiudondoshea kitu. MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi, kwa Dar sikushauri. Chai moja tu.

#4 BatiNene
Fundi mbao kasema yake, sasa sikiliza ya chuma. Njoo Gerezani. Unachukua bati la milimita 3, linakunjwa pande mbili, linakuwa na sura ya U iliyogeuzwa, hakuna kiungo hata kimoja cha kulegea. Likipigwa rangi ya unga ya kuoka, nyeusi isiyong'aa, utadhani umeagiza Ulaya. Mbao ya nini karne hii?

#5 KipimaPembe
BatiNene, sura nakubaliana nawe. Uimara, hapana. Chuma kwa wastani ni kikakamavu mara 20 kuliko mbao ngumu kwa unene uleule. Lakini unene haulingani! Ubao wa fundi Randa ni milimita 25, bati lako ni milimita 3. Ukipiga hesabu kwa ile kanuni ya fundi, yaani unene mara unene mara unene, ubao wa inchi moja unalishinda bati bapa la milimita 3 zaidi ya mara 20. Bati la sentimita 60 likibebeshwa kilo 5 katikati litanepa milimita 2 na ushee. Si nyingi, halitavunjika, ila ukiandika kwa nguvu monita itatikisika kama dagaa kwenye ungo. Ubao wa mninga wa urefu huo hautafika hata robo ya milimita.

Na stendi yako hiyo itakuwa na kilo 4 peke yake.

#6 BatiNene
Ndiyo maana mafundi wa kweli tunakunja na ukingo wa mbele na wa nyuma kwenda chini, sentimita 2 kila upande. Hapo njoo na hesabu zako tena.

#7 KipimaPembe
Ukikunja kingo, hesabu zangu nazikunja mimi mwenyewe. Hapo umeshinda. Ila mwambie na mteja, maana wengi wanauziwa bati bapa.

#8 Kambi_Tayari
Kuna mwenye kumbukumbu ya Apple mwaka 2019? Walitangaza monita yao ya Pro Display XDR, halafu wakasema stendi inauzwa kando, dola 999. Ukumbi mzima ukaguna. Ukitaka kile kibati cha kufungia mkono wa kawaida, dola 199 nyingine. Ndoo yangu ya rangi naanza kuipandisha bei.

#9 MwanaKisauni
Mombasa hapa. Mimi nitasema moja tu kwa mnaoishi pwani: hiyo rangi ya unga ikichubuka, chumvi ya bahari haikusamehe. Nilifanyiwa stendi na fundi wa jua kali, nzuri ajabu, miezi sita skrubu zote zimekula kutu na zimechora mistari ya kahawia kwenye meza nyeupe. Mke wangu hakuniongelesha siku mbili. Mkitengenezesha, mwambieni fundi atumie skrubu za stenlesi, na chini ya miguu abandike vipande vya mpira au kitambaa kizito. Stendi za kioo nazo msininunulie hata kwa zawadi. Kioo kilichokazwa kwa moto kina nguvu, lakini kikigongwa pembeni tu, hata kwa kikombe, chote kinakuwa punje. Juu yake kuna monita!

#10 Shamba_la_Muscat
Salamu kutoka Muscat. Mnabishana mbao na chuma, kuna aliyemwuliza mwenye uzi kama monita yake ina matundu manne nyuma? Yale ya VESA, kipimo cha pamoja cha kufungia monita. Kwa monita za kawaida yanakaa kwenye mraba wa milimita 100 kwa 100, au 75 kwa 75, na skrubu zake ni M4. Yakiwepo, unang'oa mguu wote na kufunga mkono. Meza yote inabaki tupu. Kwangu mimi uzuri ndio huo: ukifuta vumbi hakuna cha kuinua.

Mikono iko ya aina mbili hasa. Ya gesi, ndani kuna kitu kama kile kinachonyanyua buti ya gari. Na ya springi ya chuma, ambayo asili yake ni ile taa ya mezani yenye mkono wa kukunja. Mwingereza mmoja mhandisi wa magari, George Carwardine, aliisajili mwaka 1932. Springi inalipa uzito, kwa hiyo ukiisogeza inabaki ulipoiacha. Mimi natumia Ergotron LX, hiyo ni ya springi, inabeba kuanzia kilo 3.2 hadi 11.3. Ni ghali, sikufichi. Ila nimehama nayo nyumba tatu.

Angalia hiyo "kuanzia". Watu wanaangalia uzito wa juu tu. Monita ikiwa nyepesi kuliko kiwango cha chini, mkono unapanda wenyewe kama unakusalimia. Monita nyingi za inchi 24 bila mguu zina kilo 3 hadi 4, kwa hiyo pima kwanza kwa mizani ya nyumbani.

#11 HesabuZaUsiku
Asanteni sana wote. Kwanza niwasahihishe, mimi ni dada, si mkuu, na nina watoto wawili wa sekondari kwa hiyo ukiniita mama pia naitika.

Nimeangalia nyuma ya monita, matundu yapo manne, nimepima kwa rula ni sentimita 10 kila upande. Nimeipima na uzito, kilo 3.6 bila mguu. Swali kwa kaka wa Muscat: meza yangu ni chipubodi ya milimita 18. Huo mkono hautaivunja?

#12 Shamba_la_Muscat
Dada, samahani kwa ukuu. Swali zuri, na hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa.

Mkono ukiunyoosha mbele sentimita 50 na monita ya kilo 4, ni kama mtu ameshika ubao kwa kucha. Kitako cha klampu, kile kibanio kinachoshika meza, kina upana wa sentimita 8 hivi. Gawanya: nguvu inayobinya ukingo wa kitako ni kama kilo 25, mahali pembamba pale pale, usiku na mchana. Chipubodi inabonyea taratibu, halafu siku moja inamomonyoka kama keki kavu. Dawa yake ni rahisi: kipande cha bati la milimita 3 juu na kingine chini, kila kimoja sentimita 15 kwa 15, klampu ikae katikati. BatiNene atakukatia kwa nauli ya soda. Na usifunge katikati ya ubao mrefu, funga karibu na mguu wa meza.

Jingine: umesema meza imeegemea ukuta. Mikono mingi ikikunjwa, kiwiko kinatokeza nyuma. Itabidi uvute meza mbele sentimita 15 au zaidi, au uchague mkono unaokunjika kwa pembeni. Na uwe wa gesi au wa springi, siku ya kutoa monita upandishe juu kabisa kwanza. Ukifungua skrubu ukiwa chini, ule mkono unaruka, na uso wako uko hapo hapo.

#13 RandaNaMsasa
Hii habari ya "kilo 25 usiku na mchana" inanifanya nipende zaidi mninga wangu. Ubao ukikaa juu ya meza hauna ugomvi na mtu.

#14 RimuMbili
Naona mnakimbilia dukani na hakuna aliyemwambia dada ajue kwanza anahitaji sentimita ngapi. Mimi nilisimamia kitengo cha kompyuta kwenye ofisi moja, kazi yangu nusu ilikuwa kupandisha na kushusha monita za watu.

Chukua rimu za karatasi za A4. Rimu moja ya karatasi 500 ina unene wa sentimita 5 hivi na uzito wa kilo mbili na nusu, haitelezi, haichezi. Weka moja, fanya kazi siku tatu. Ongeza nyingine, siku tatu. Kimo kitakachokuachia shingo huru, hicho ndicho unampelekea fundi. Karatasi unazitumia baadaye kuchapishia.

Kanuni ya jumla ni kwamba ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho au chini yake kidogo, na skrini iwe umbali wa mkono ulionyooshwa. Sasa piga hesabu. Mtu wa kimo cha kawaida akikaa kwenye kiti cha kawaida, macho yako kama sentimita 40 na kitu juu ya meza. Skrini ya inchi 24 ina kimo cha sentimita 30, ongeza mguu wake sentimita 7 au 8. Tayari uko 38! Kinachobaki ni sentimita chache. Hizi stendi za sentimita 12 na 15 zinazouzwa kila kona zilifaa monita ndogo na laptopu, kwa inchi 24 na 27 zinakupeleka mawinguni. Usiagize chochote kabla ya rimu.

Na kama unanunua monita upya, tafuta zile Dell za ofisini zilizotumika. Mguu wake wa asili unapanda, unashuka na kuzunguka, ukiuchomoa kwa kitufe nyuma kuna matundu ya 100 kwa 100. Huhitaji stendi ya mtu yeyote.

#15 HesabuZaUsiku
RimuMbili asante kaka, ushauri mzuri, ila nakiri tayari nimeshakosea. Jumamosi nilikuwa Keko kwa shughuli nyingine, nikaona ubao wa mninga una mistari ya dhahabu, sikujizuia. Nimeshalipa nusu. Sentimita 60 kwa 22, unene inchi moja, miguu miwili ya ubao uleule. Kimo nimesema 12 ili kibodi na kikombe cha chai vipite chini.

#16 RimuMbili
Dada...

#17 RandaNaMsasa
Uzuri wa mbao ni kwamba inapungua. Ingekuwa chuma ungelia. Ulimwuliza fundi kama ubao umekauka? Ubao mbichi ni mzito kuliko unavyotarajia, ukiugonga sauti yake ni butu, na ukiupeleka nyumbani ukakaa kwenye feni mwezi mmoja unajikunja kama ulimi. Na je, miguu ameiunga kwa misumari au ameichonga meno na gundi?

#18 HesabuZaUsiku
Amechonga meno, nimeona kwa macho yangu. Ubao anasema umelala kwake tangu masika ya mwaka juzi. Gharama sitaitaja, mume wangu anasoma humu.

#19 Kambi_Tayari
Shemeji, ni laki na ngapi? Tunauliza kwa niaba yako.

#20 HesabuZaUsiku
Imefika! Wakuu, naomba nijisifu kidogo. Fundi amepitisha msasa hadi ubao unateleza kama sabuni, kapaka vanishi isiyong'aa, zile kona za mbele kaziviringisha. Chini ya miguu nimebandika kitambaa kama alivyosema kaka wa Mombasa. Nimesimama juu yake kwa miguu miwili (usiwaambie watoto), haikulia hata kidogo. Monita imekaa, kibodi inapita chini. Mgeni wa kwanza kuingia aliniuliza nimeagiza wapi.

#21 BatiNene
Imependeza, nasema kweli. Ningekuwa mimi ningepitisha tundu la kebo nyuma.

#22 MwanaKisauni
Mashallah. Ndio kazi hiyo.

#23 HesabuZaUsiku
Narudi baada ya siku kumi na habari mbaya. Stendi haina kosa. Shingo ndiyo imekuwa mbaya mara mbili. Jana usiku nilishindwa kugeuka kitandani. Nimejaribu kupandisha kiti, nimejaribu kuegemea nyuma. Nikifanya kazi saa moja tu, huku nyuma ya kichwa kunawaka. Nimeanza kufikiri labda inahitaji kupanda zaidi, 15 au 18.

#24 RimuMbili
Usipandishe hata milimita. Nijibu swali moja: unavaa miwani? Ya aina gani?

#25 HesabuZaUsiku
Navaa, ndiyo. Nilipofika miaka 45 nikapewa ile yenye sehemu mbili, juu ya mbali, chini ya kusomea. Inahusiana nini na stendi?

#26 RimuMbili
Inahusiana na kila kitu, na mimi ndiye wa kulaumiwa kwa kutouliza mapema, kwa sababu ofisini lilikuwa swali langu la kwanza kwa kila aliyevuka miaka 40.

Dada, kaa mbele ya monita kama kawaida, mwambie mtoto akupige picha kutoka ubavuni bila wewe kujua. Nakuhakikishia kidevu chako kiko juu. Sehemu ya kusomea iko chini ya lenzi. Ili uione skrini kupitia hapo, inabidi uinue kidevu na kukunja shingo nyuma. Kila ukipandisha monita unazidi kuikunja. Ndiyo maana vile vitabu vya kodi vilikuongezea maumivu, uliyasema mwenyewe kwenye bandiko la kwanza na sisi wote tukapita juu yake tukiwa tunabishana unene wa bati. Ile kanuni ya usawa wa macho ni ya mtu asiyevaa miwani hiyo. Wewe skrini yako iwe chini kabisa, karibu na meza, na umeilaza nyuma kidogo kama mtu anayesoma kitabu.

Ishushe leo. Iweke mezani penyewe bila stendi. Halafu uniambie baada ya siku tatu.

#27 HesabuZaUsiku
Picha nimepigwa. Nimeiona. Naonekana kama kuku anayekunywa maji.

#28 KipimaPembe
Hapa nimeinamisha kichwa. Kurasa mbili za hesabu, na jibu lilikuwa puani kwa mwenye uzi.

#29 Shamba_la_Muscat
Mama yangu mdogo alikuwa hivyo hivyo. Alichofanya yeye ni kwenda kupimwa tena na kutengenezewa miwani ya kompyuta, lenzi nzima moja kwa umbali wa skrini, anaivaa kazini tu. Ukipata hiyo, unarudi kwenye kimo cha watu wengine. Mwendee mtaalamu wa macho umwambie umbali wenyewe kwa sentimita, kutoka jicho hadi skrini, usimwambie "ya kompyuta" tu.

#30 HesabuZaUsiku
Siku tatu zimepita, zikawa nne. Monita iko mezani, nimeilaza nyuma. Sijapona kabisa lakini jana nililala upande wangu wa siku zote. Bado nahisi ingeshuka kidogo tu zaidi ingekuwa sawa, ila mguu wake wa asili hauruhusu, ukingo wa chini umesimama sentimita 7 juu ya meza.

#31 Shamba_la_Muscat
Hapo ndipo mkono unapolipa hela yake. Watu wanadhani kazi yake ni kupandisha. Kumbe unashuka hadi skrini inakaribia kugusa meza, na siku ukipata miwani mpya unaipandisha kwa kidole. Kilo 3.6 iko ndani ya kiwango, ila kwa shida. Ukiona unapanda wenyewe, legeza springi kwa alenki, ule ufunguo wa pembe sita, hadi utulie.

#32 BatiNene
Zile bati mbili za 15 kwa 15 nakukatia. Njoo na kipimo cha unene wa meza, maana klampu nyingine hazifunguki vya kutosha ukishaongeza bati juu na chini. Zako ni 18 na 3 na 3, jumla 24, hiyo haina shida.

#33 HesabuZaUsiku
Nimerudi kufunga hesabu, maana ndiyo kazi yangu.

Mkono nimepata Kariakoo, wa springi, baada ya kuzunguka maduka matano. Wawili wa kwanza waliponiambia "unabeba hadi kilo 9" nikawauliza "kuanzia ngapi?", wakanitazama kama afisa wa kodi. Wa tano alikuwa na boksi lenye maandishi, kuanzia kilo 2. Bati za BatiNene ziko juu na chini ya meza, nimezipaka rangi nyeusi, wala hazionekani. Meza nimevuta mbele sentimita 17, sasa kebo nazo zina mahali pa kujificha. Skrini imeshuka, ukingo wa chini uko sentimita 2 juu ya meza. Nilipoifunga siku ya kwanza ilipanda yenyewe polepole kama alivyosema kaka wa Muscat, watoto walicheka hadi wakakaa chini. Alenki mizunguko minne, ikatulia. Wiki ijayo nina miadi ya macho, nimeshaandika kwenye kikaratasi: sentimita 62.

Mninga haukupotea. Nilikuwa nauangalia pale kwenye kona roho inaniuma, mume wangu akauchukua kimyakimya. Nimerudi kutoka sokoni nikakuta upo chini ya televisheni, juu yake king'amuzi, chini yake rimoti zote tatu ambazo kila siku tunazitafuta.

#34 RandaNaMsasa
Na kimo?

#35 HesabuZaUsiku
12 kamili. Anasema asiguse mtu.